Kona ya Gari Kuukuu: "Koili zote mpya na bado inamiss"

Barua nyingi za mwezi huu zinaishia pale pale, spea imeshanunuliwa, fundi ameshalipwa, na gari iko vile vile. Nimechagua tano, mtanisamehe wengine, nyingi zinafanana na hizi kwa hiyo soma hata kama gari sio aina yako.

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Nina Premio ya 2003, ile ya cc 1490. Inamiss haswa nikisimama kwenye mataa, inatetemeka mpaka saiti mira inacheza, na taa ya cheki injini inawaka na kuzima inavyojisikia. Fundi akaleta mashine akapima akasema koili, nikanunua nne used, ikatulia siku mbili ikarudi. Sasa anasema ni kompyuta ya gari imekufa nitafute nyingine. Nitafute au niuze gari tu?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

JIBU: Usiuze, na kompyuta usinunue. Mrudie fundi wako umuulize kitu kimoja tu, mashine ilitoa kodi gani, yaani namba gani ya kosa? Maana mashine haijui kusema "koili" (kile kinachoipa plagi umeme wake), yenyewe inatoa namba, hilo la koili kaliongeza fundi. Kwa injini yako ya 1NZ-FE inaweza kutoa P0300, yaani inamiss ovyo ovyo haijulikani silinda ipi, au P0301, P0302, P0303, P0304, na hapo ile tarakimu ya mwisho ndio silinda yenyewe, unahesabu kuanzia upande wa feni belti. Sasa tuseme ilikuwa P0302. Maana yake silinda ya pili haichomi vizuri, basi. Inaweza kuwa koili, inaweza kuwa plagi, nozeli inayopuliza mafuta, au kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, imeshuka. Na hata ingekuwa koili kweli, ingekuwa moja, wewe umenunulishwa nne.

Kujua ni ipi wala hakuna gharama. Toa lile kava la plastiki juu ya injini, utaona koili nne zimesimama wima, kila moja imeshikwa na boliti moja ya spana namba 10. Chomoa ya silinda ya pili uiweke ya tatu, ya tatu iende ya pili, fundi afute kodi, endesheni mpaka imiss tena halafu pimeni upya. Kodi ikihamia P0303 basi koili ndio mbovu, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0302 koili haina kosa, rudieni hivyo hivyo kwa plagi, na plagi nazo zikiwa safi ndio mnaenda kwenye nozeli, na mwisho kupima kompresheni silinda zote nne, hapo unachoangalia ni kama kuna moja iko chini sana kuliko wenzake. Fundi akikwambia hayo yote yanachelewesha kazi, ujue anapiga ramli kwa hela yako.

Ila kabla hata ya kuhamisha, wakati koili zimetoka, washa tochi ya simu uchungulie kwenye yale matundu ya plagi. Ukikuta oili imejaa humo ndani, zile sili za matundu kwenye kava la tapeti zimekauka, oili inapanda inaloweka mpira wa koili, mpira unavimba na kuchanika halafu umeme unaruka pembeni badala ya kwenda kwenye plagi. Hapo hata ukifunga koili mpya kutoka Japani itakufa tu, anza na gasketi na sili. Ukikuta maji nitakuuliza, gari ilioshwa injini lini? Hawa vijana wetu wa kaa wosh wanapenda sana kufungua boneti na kumwaga maji ya presha bila kuziba kitu, gari inang'aa kama mpya, kesho yake inamiss.

Na hilo la kutulia siku mbili halafu kurudi mimi linanifanya nishuku soketi. Plastiki za soketi za koili kwenye gari ya miaka 20 zimepikwa na joto, ukizigusa klipu inavunjika, wengi wanaishia kuzifunga na tai za plastiki au mpira wa manati. Alivyochomoa na kuchomeka upya zikakaa vizuri kidogo, mtikisiko ukazilegeza tena. Washa gari ikae sailensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, shika waya mmoja mmoja karibu na soketi uutikise taratibu, injini ikishtuka hapo hapo umeshapata, na soketi yenye waya zake mafundi umeme wanaiunganisha kwa hela ndogo tu.

Kompyuta ni kitu cha mwisho kabisa na inakufa mara chache mno. Na ikija kuwa ndio yenyewe, usinunue "kompyuta ya Premio", soma ile stika yake, namba inaanza na 89661, unayonunua iwe na namba ile ile mpaka tarakimu ya mwisho.

Koili nazo zina namba. Ya 1NZ-FE ni 90919-02240, imeandikwa juu kwenye koili yenyewe, pini nne, mtengenezaji Denso. Mtu akikupa "ya Vitz, inaingia" mwambie akuonyeshe namba. Mimi kwenye koili nachukua used ya Japani kuliko mpya ya kwenye boksi lenye maandishi mazuri na bei ya kushangaza, maana hiyo mpya mara nyingi ni feki na used angalau tunajua ilitoka kwenye gari. Ila ukienda Ilala au Gerezani kariakoo kumbuka vitu vya umeme wengi hawarudishi, kwa hiyo nenda na gari au nenda na fundi, ifungwe pale pale iwake pale pale ndio utoe hela. Plagi, belti, wota pampu, brek pedi na kitu chochote cha mpira usinunue used hata upewe bure. Kwenye plagi angalia herufi za mwisho, mfano K16R-U11, hiyo 11 ni uwazi wa milimita 1.1, fundi asije akazibinya kwa nyundo "ili zichome vizuri", nimeona kwa macho yangu.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina RAV4 ya 2004 tunaitumia Moshi na kwenda Marangu kwa wazazi. Inachemsha ikipanda mlima. Wameshatoa themostati wakasema huku haihitajiki, wamebadilisha rejeta, feni wameiunga dairekti inazunguka muda wote, bado. Maji yanapungua lakini chini hakuna tone. Sasa wanasema imeunguza gasketi ya hedi na wanataka kufungua injini wiki ijayo. Nawaamini?
*Msomaji, Moshi*

JIBU: Marahaba dada yangu. Safari hii wanaweza kuwa wamepatia, lakini wakifungua na kuweka gasketi tu wakafunga, baada ya muda mfupi utaniandikia tena.

RAV4 ya umri huo iliyotoka Japani wengi wenu mna injini ya 1AZ-FSE, ya D-4, ile inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Injini hizi za familia ya AZ za kuanzia 2000 mpaka kama 2006 zina ugonjwa wao unaojulikana dunia nzima: yale matundu kwenye bloku ambayo boliti za hedi zinafungwa, meno yake yanaliwa, hasa ya upande wa nyuma unaotazama ukuta wa dashibodi. Bloku ni ya aluminiamu. Meno yakiliwa boliti inakuwa ipo lakini haibani, hedi inainuka kidogo sana injini ikipata moto, maji yanapenya kati ya hedi na bloku yanakaukia hapo hapo kwa joto, ndio maana huoni tone chini. Mwambie fundi achukue kioo kidogo na tochi aangalie nyuma ya injini kwenye ule muungano, akiona michirizi iliyokauka ya pinki au nyeupe nyeupe kama chumvi, umeshapata jibu lako kabla hata ya kufungua kitu.

Dawa yake wakishatoa hedi, kila boliti wakati inatoka waangalie kama imetoka na vipande vya meno ya aluminiamu vimejiviringisha. Yale matundu yanatobolewa upya na kuwekwa meno ya chuma, mafundi wa lathe wanaita helikoili, na sio moja lililoharibika tu, wewe omba yawekwe yote maana kazi ya kufungua ni ile ile. Boliti ziwe mpya. Hedi ipelekwe ipimwe kama imepinda, ikiwa imepinda isagwe. Fundi akikwambia "hiyo sio lazima tunaweka silikoni" muage kwa heshima, tafuta mwingine.

Lakini sasa usiruhusu wafungue mpaka wamefanya vipimo viwili. Asubuhi gari ikiwa ya baridi kabisa, na narudia ya baridi, mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa na moto maji yatamuunguza mtu uso, wafungue mfuniko wajaze maji wawashe. Mapovu yakitoka mfululizo bila kuisha hata injini ikishapata joto kidogo, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, hedi ina tatizo. Kama hakuna mapovu wafunge ile pampu ya mkono ya kupima presha kwenye mdomo wa rejeta, wapampu mpaka ile namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, 0.9 au 1.1, waiache. Mshale ukishuka maji yanatokea mahali, na injini ya baridi haikaushi, utaona yanatokea wapi.

Na mfuniko wenyewe je, kuna mtu aliwahi kuubadilisha? Ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo mzima na ndio unaosahaulika kuliko vyote. Ule ndio unashikilia presha ili maji yasichemke mapema, na huko kwenu Marangu kwenye mwinuko maji yanachemka kabla hata ya kufika nyuzi 100. Spring yake ikichoka, maji yanaondoka kidogo kidogo kwenye kila kilima.

Themostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata joto, irudi. Hii habari ya "huku kwetu joto haihitajiki" ndio imeua injini nyingi kuliko ajali. Bila themostati injini inakaa baridi muda mrefu na inakula mafuta. Kuipima kabla ya kufunga unaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, kipande chake kimeandikwa 82 au karibu na hapo, maji yakifika joto hilo utaiona inafunguka mdomo taratibu, ukiitoa ipoe inafunga. Isipofunguka irudishe dukani. Feni nayo irudishwe kwenye waya wake, kuiunga dairekti kunaficha tu ugonjwa. Na weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu, sio maji ya bomba, aluminiamu hailiwi na joto peke yake inaliwa na kutu ya hayo maji.

SWALI: Fundi sasa, niko na X-Trail ya 2005. Inazima kwa barabara ikiwa imepata moto, especheli nikiwa natoka Naivasha. Nikingoja kama nusu saa inawaka kama haikuwa na shida. Makanika ameshaweka pampu ya mafuta mpya, haijasaidia.
*Msomaji, Nakuru, Kenya*

JIBU: Hiyo usipeleke mbali ndugu yangu. X-Trail za mwanzo, T30, zenye injini ya QR20 zinajulikana kwa sensa mbili, ya kremshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na ya kemshafti (shafti inayofungua valvu). Zikipata joto ndani zinakata, zikipoa zinarudi, na makanika akija amekuta gari inawaka anakuna kichwa.

Siku ikizima tena usikimbilie kusubiri. Pigisha stata huku unaangalia mshale wa RPM. Injini inapozungushwa mshale unatakiwa kuinuka kidogo, ukilala kwenye sifuri kabisa kompyuta haioni injini ikizunguka, hapo ni sensa ya kremshafti. Halafu geuza swichi bila kupiga stata, sikiliza siti ya nyuma, pampu ikivuma sekunde chache basi ilikuwa nzima tangu mwanzo. Mashine ikisoma P0335 ni kremshafti, P0340 ni kemshafti. Badilisha zote mbili kwa pamoja, na hapa tu ndio nasema nunua orijino hata kama bei inauma, Hitachi ndio waliotengeneza, hizi za bei poa za Kirinyaga Road zinazouzwa kama pipi nyingine hazimalizi mwezi. Sensa za mtumba kwenye hizi Nissan usiguse, zina umri na joto lile lile la hiyo iliyokufa.

Kama gia boksi yako ni otomatiki ya kawaida sawa, ila wenzako wenye X-Trail za baadaye zenye CVT, ile otomatiki isiyo na hatua za gia, oili yake ni ya CVT tu, NS-2 au NS-3 kulingana na kitabu. Ukiweka ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, umeiua gia boksi kwa mkono wako.

SWALI: Mwanangu, nina Corolla ya 1998, AE110, nimekaa nayo miaka mingi. Inawaka taa ya injini na inakosa nguvu. Vijana wamekuja na zile mashine zao za bluetooth, zote zinasema haiunganishi, wananiambia gari imezeeka haipimiki. Kweli gari haipimiki?
*Mzee, Tanga*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Inapimika vizuri sana, na haihitaji mashine, inahitaji kipande cha waya tu. Gari za Toyota za soko la Japani za miaka hiyo nyingi haziongei lugha ya hizo mashine ndogo, zinaongea kwa kupepesa taa.

Fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi chenye kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna mchoro wa matundu yenye majina. Mpe kijana mwenye macho mazuri, swichi ikiwa imezimwa, aunganishe tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, hayo mawili tu, akikosea tundu anaweza kuunguza kitu kwa hiyo asome mchoro mara mbili. Halafu mzee ugeuze swichi ON bila kupiga stata uitazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa haraka haraka mfululizo bila kupumzika, haina kosa lililohifadhiwa. Ikiwa na kosa itapepesa kwa mafungu, mara mbili, inapumzika kidogo, mara moja, hiyo ni 21, oksijeni sensa. Mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya hewa inayoingia, 41 ni ya throtoli, na 14 ni habari za moto wa plagi. Andika kwenye karatasi kila inachosema maana inaweza kuwa na zaidi ya kosa moja, itazitaja zote kisha inaanza upya. Ukishatengeneza, toa fyuzi ya EFI sekunde kumi na kitu uirudishe, kumbukumbu inafutika.

Injini yako ya 5A-FE ina distributa, kile kinachogawa moto kwa kila plagi, kwa hiyo ikija 14 au hata isipokuja kosa lolote, fungua kifuniko cha distributa uangalie vile vidole vya ndani vimeliwa na kuota ukungu mweupe kiasi gani, na usiku gizani boneti wazi utazame kama cheche zinaruka kwenye waya za plagi. Na bila ule waya wa TE1 na E1 fundi hawezi kuseti taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, sawasawa, ikiwa umeunganishwa inatakiwa isome digrii 10. Ukiona fundi anageuza distributa kwa kusikiliza kwa sikio tu, mzee wangu mpe soda aondoke.

SWALI: Mjomba yuko Morogoro ana Mark II GX110 ya 2002, amenituma taiming belti na vitu vyake niko Muscat. Kila duka la hapa nikiwapa chesesi namba wanasema haipo kwenye sistimu. Nifanyeje?
*Msomaji, Muscat, Oman*

JIBU: Haitakuwepo. Gari ya soko la Japani haina ile VIN ya herufi na tarakimu 17, ina namba fupi inayoanza na GX110, na Mark II hiyo haikuuzwa huko Ghuba, kwa hiyo kompyuta ya dukani haiijui hata kidogo. Usiwape gari, wape namba ya spea. Ingia kwenye katalogi za Toyota za Japani mtandaoni, weka hiyo namba fupi yote ya chesesi, itakupa namba ya spea ya tarakimu tano, mstari, tarakimu tano, hiyo ndio unaenda nayo dukani. Jambo lingine, injini yake ya 1G-FE ndio ile iliyofungwa kwenye Lexus IS200 iliyouzwa Ulaya, kwa hiyo vitu vingi vya injini vinapatikana kwa jina hilo, ila linganisha namba kwanza usinunue kwa kuambiwa "ni hiyo hiyo".

Chukua belti, tenshena na aidla (zile puli zinazoikaza na kuiongoza belti) na wota pampu kwa pamoja, na sili ya kremshafti na za kemshafti maana zikivuja oili belti mpya inaharibika. Used za mwili kama taa na milango zimejaa Sharjah, wanakata gari za Japani nzima nzima, lakini belti asikupe mtu used. Na mjomba asiendelee kuendesha akisubiri mzigo kama hajui belti iliyomo ilifungwa lini, hii 1G-FE ya VVT-i belti ikikatika pistoni zinagonga valvu. Mwambie atume picha ya stika kwenye kava la taiming, mafundi wa Japani huwa wanabandika pale wakiandika tarehe na kilomita walizobadilishia. Kama hakuna stika, gari ipaki.